Ukinyanyua pikapu, shusha goroli: namna ya kurekebisha chuma cha kuvutia tela

Pikapu zilizonyanyuliwa zimekuwa nyingi Unguja na Pemba, na sababu inaeleweka: njia za kushukia pwani ni mawe matupu, na masika ikishika kuna pahala gari ya chini haipiti. Mtu anatia springi mpya, inchi 2 juu, anastarehe. Lakini chuma cha kuvutia tela nacho, pamoja na goroli yake (lile tufe la chuma linaloshikwa na mdomo wa tela), kimepanda inchi hizo hizo. Boti ya faiba ikifungwa nyuma, pua ya tela inatazama juu, mkia umelala, na watu wanaondoka nayo hivyo hivyo mpaka Kizimkazi. Naomba sana tusifanye hivyo.

Pua ya tela ikinyanyuka, uzito unahamia nyuma ya ekseli na goroli inakosa mzigo wa kuikandamiza. Tela ya namna hiyo huyumba, na kadiri unavyokwenda mbio ndivyo inavyozidi, mpaka inaivuta gari yenyewe huku na huku. Ukiwa unateremka kilima cha Pemba na kona iko mbele, huna pa kuitulizia. Na kama tela yako ina zile breki zinazoshika pale tela inapoisukuma gari, nazo zinataka chuma kilale sawa ndio zishike vizuri.

Kwanza subiri. Springi mpya hushuka kidogo na kukaa katika wiki za mwanzo, kwa hivyo ukipima siku uliyotoka gereji itakubidi upime tena.

Springi zikishakaa, tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, si mchanga. Jaza upepo kama kawaida, na pakia nyuma vitu unavyobeba siku zote: madumu ya petroli, nanga, kamba. Gari tupu itakudanganya.

Anza na tela, ikiwa na boti na mashine yake juu. Inyanyue au ishushe kwa jeki yake ya mbele mpaka fremu ilale sawa. Pima maji ya mwashi inatosha kabisa kukuonesha. Sasa pima kutoka sakafuni hadi dari ya ndani ya mdomo wa tela, pale goroli inapogota. Tuseme umepata sentimita 46.

Halafu jua goroli itabeba kilo ngapi. Weka mizani ya kupimia watu chini ya mdomo wa tela, kata gogo la kusimama juu ya mizani, urefu wa kufanya tela ibaki sawa, kisha liache jeki lipumzike. Boti, mashine na tela vikiwa kilo 900 kwa jumla, unataka karibu kilo 90 hapo, yaani asilimia 10. Zikiwa pungufu sana, sogeza boti mbele kidogo. Zikizidi kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha gari, irudishe nyuma.

Sasa gari. Mwite mtu mwenye kilo hizo akae juu ya chuma chenyewe, gari ilale kama itakavyolala safarini. Yeye akiwa amekaa, pima kutoka sakafuni hadi juu ya goroli. Ukipata 53, toa 46: unahitaji kushusha sentimita 7. Ukikosa kipimo kamili, chukua kile kinachoinamisha pua kidogo. Pua kuinama sentimita 2 si neno, kunyanyuka sikubali.

Cha kushushia ni bamba nene lenye matundu, linalofungwa kwa bolti mbili. Kwa goroli ya kufunga bolti mbili, matundu huwa yameachana milimita 90 na bolti ni za M16. Angalia kichwa cha bolti: kiwe kimepigwa chapa 8.8 au zaidi. Bolti isiyo na chapa irudishe dukani. Soma na kilo zilizoandikwa kwenye bamba, kwenye goroli na kwenye chuma cha gari. Ile ndogo kuliko zote ndiyo kikomo chako.

Goroli nayo ikague. Iko ya inchi 2 na iko ya inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6, na kwa macho hazipishani sana. Ndogo ikiingia kwenye mdomo wa kubwa, itafunga vizuri tu ukiwa umesimama, kisha ichomoke kwenye shimo la kwanza. Saizi kwa kawaida imechorwa juu yake.

Minyororo ipishanishe chini ya mdomo wa tela, ili mdomo huo ukichomoka uangukie humo badala ya kuchimba lami. Waya wa taa uwe na nafasi ya kukata kona. Ukirudi safari ya kwanza, kaza bolti tena.

Maswali ya wenzetu

*Kutoka Wete: Fundi wangu anasema atachomelea kipande cha chuma chini, rahisi zaidi. Nimruhusu?*
Usimruhusu, ndugu yangu. Chuma kile hakijulikani ni cha aina gani, na kila unaposhusha goroli, nguvu ya kupinda inazidi. Ufa wa kuchomelea hujificha chini ya rangi, na maji ya chumvi yanaumalizia.

*Kutoka Jambiani: Nabebea mwani. Nipime tela ikiwa tupu au imejaa?*
Imejaa, dada. Mwani mbichi ni mzito na ndio unaokuhangaisha barabarani.

*Kutoka Chake Chake: Yangu ina ekseli mbili. Ikinyanyuka kidogo si itajibeba?*
Ekseli ya nyuma ndiyo itakayobeba, na mipira yake itachemka. Kwa ekseli mbili, kulala sawa ni lazima zaidi.

*Kutoka Mkokotoni: Kwa nini nisinyanyue tela badala ya kushusha goroli?*
Kwa mzigo wa nchi kavu inawezekana. Kwa boti, kaka, utajutia: tela ikiwa juu, itabidi uirudishe ndani zaidi ndio boti ielee, na siku za maji mafu hata bahari ikijaa haiji juu kama wakati wa bamvua. Utaishia kutia magurudumu ya nyuma ya pikapu ndani ya chumvi. Nunua bamba, na siku usiyovuta tela livue, maana likiwa chini litakwaruza mawe unapopanda kutoka pwani.