Mzee Amedhoofika na Moyo Umenyong'onyea: Pa Kuanzia Nyumbani

Mtu aliyevuka miaka 60 akianza kupungua mwili, kuburuta miguu na kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, nyumbani husikika kauli mbili: "ni uzee tu" au "ana mawazo". Ukishika moja ukaiacha nyingine, utamhudumia nusu. Udhaifu wa mwili na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu) huvutana. Asiye na hamu hali vizuri wala hatoki. Misuli inapungua, anaanguka au anaogopa kuanguka, kisha anaacha kwenda msikitini, kanisani, kwenye kikoba na misibani. Upweke unamrudishia huzuni. Na kulala tu kunadhuru: katika utafiti mmoja, wazee wenye afya njema waliokaa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu isiyo mafuta.

Kabla ya yote, ondoa dharura. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, au usingizi mzito wa mchana ambao hakuwa nao, si sonona wala si uzee. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au dawa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Pima mwili

Unahitaji simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, chaki, utepe wa fundi cherehani na mizani.

Chora mistari miwili iliyoachana mita 4 kwenye sakafu isiyoteleza. Mwambie atembee kama anavyotembea siku zote, akishika mkongojo wake kama anao, na apite mstari wa mwisho bila kupunguza mwendo. Hesabu sekunde kutoka mstari hadi mstari: zikizidi 5, mwendo wake ni wa polepole kiasi cha kutia wasiwasi.

Kisha chukua kiti cha mezani kisicho na mikono, urefu wa sentimita 43 hadi 45, ukiegemeze ukutani. Kochi na kigoda havifai kwa kipimo hiki. Akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5 haraka awezavyo, nawe usimame karibu. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya misuli dhaifu. Kushindwa kabisa bila kujisukuma kwa mikono ni dalili kubwa zaidi.

Zungusha utepe kwenye shavu la mguu, mahali palipo panene, akiwa amekaa. Chini ya sentimita 31, misuli imepungua. Kama miguu imevimba, namba hiyo itakudanganya, iache. Uzito nao uandike: kupoteza kilo 4.5 au zaidi kwa mwaka bila kukusudia ni moja ya dalili tano za udhaifu zilizopangwa na mtafiti Linda Fried na wenzake Marekani mwaka 2001. Nyingine ni uchovu, mshiko dhaifu wa mkono, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Tatu zikipatikana, mtu huhesabiwa kuwa dhaifu. Maswali yao ya uchovu yalichukuliwa kwenye dodoso la kupimia sonona, kwa hiyo hata kwenye vipimo mambo haya mawili hayatengani vizuri.

Uliza kuhusu moyo

Muulize mkiwa wawili, si mbele ya wakwe na wajukuu. Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi amekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi amejisikia huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lipe alama: hakuna kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, anahitaji kuonana na mtaalamu wa afya.

Wazee wengi hawatasema wana huzuni. Watasema mwili unawaka, kichwa kizito, tumbo limejaa, usingizi unakatika alfajiri. Usiyapuuze malalamiko hayo hata kama vipimo vya maabara ni safi.

Uliza pia, kwa upole lakini waziwazi: "Mama, kuna wakati unatamani usiwepo, au unafikiria kujidhuru?" Swali hilo halimtii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za vidonge na sumu za kilimo zifungiwe, na mwende kituo cha afya siku hiyo.

Sahani

Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wa kilo 50 atafute gramu 50 hadi 60. Tatizo kubwa ni asubuhi: chai ya rangi na mkate ina protini kidogo. Badilisha iwe uji uliopikwa kwa kikombe cha maziwa (gramu 8 za protini) na gramu 30 za karanga zilizosagwa (gramu 7). Mchana kikombe cha maharage yaliyopikwa (gramu 15) na ugali au wali (kama 5). Jioni kiganja cha dagaa wakavu, gramu 20 (kama 12), na yai (6). Hapo umefika gramu 53 za protini bila kununua unga wa kopo. Meno yakiwa tatizo, ponda maharage na usage dagaa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa daktari wake.

Miguu kabla ya hamu

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Wanangoja apate hamu ndipo atoke, na kwa sonona hamu huja nyuma ya kitendo. Weka saa maalumu, kwa mfano baada ya sala ya alasiri, na mtu maalumu wa kumsindikiza. Mwanzo ni dakika 5 za kutembea mara mbili kwa siku. Ongeza dakika moja kila baada ya siku mbili tatu. Siku 3 za wiki, zisizofuatana, afanye kuinuka kitini mara 5, apumzike, arudie. Akiweza, panda taratibu hadi mizunguko 3 ya mara 8. Ongeza kuinua visigino akishika meza, na kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine sekunde 10 karibu na ukuta. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ya kuongea, aache, apelekwe akapimwe.

Na msimpokonye kazi. "Pumzika, bibi, tutafanya sisi" ni heshima inayomkalisha kitako. Achambue mchele, alishe kuku, ashike daftari la mchango. Kazi iwe ya kweli, anajua akipewa ya kumtuliza.

Mfuko wa dawa

Mkienda kliniki bebeni dawa zote, pamoja na za dukani na za mitishamba. Amitriptilini, inayotolewa sana kwa sonona na maumivu, humpa mzee kizunguzungu akisimama, choo kigumu, mkojo kuziba na kuchanganyikiwa. Diazepamu na vidonge vya mafua vinavyolevya humwangusha. Lakini msikatishe wenyewe, hasa diazepamu iliyotumika muda mrefu. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Metformini ya kisukari hupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta uchovu na huzuni. Ombeni presha ipimwe amelala na tena ndani ya dakika 3 za kusimama, wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, TB, VVU, macho na masikio. Mtoto wa jicho peke yake unaweza kumfungia mtu ndani.

Pima tena

Rudia vipimo baada ya wiki 4, kisha wiki 12, kwa kiti kilekile na saa ileile ya siku. Dawa ya sonona huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake, na misuli wiki 8 hadi 12, kwa hiyo kutobadilika wiki ya pili si kushindwa. Kama sekunde za kiti zimepungua lakini majibu ya moyo hayajasogea, omba ushauri nasaha au dawa ipitiwe upya. Kama moyo umechangamka lakini uzito unaendelea kushuka, rudini hospitali mtafute TB, kisukari au saratani, hata kama mliambiwa mwanzoni kwamba ni mawazo.