Kurekebisha shokapu za pikipiki kwa njia za mawe za Dodoma

Njia ya kupanda kwenye michoro ya miambani ya Kolo, vilima vya Ntyuka na vijia vya Milima ya Chenene vinafanana kwa jambo moja: jiwe ni kichwa cha mwamba uliozama ardhini, na tairi ikiligonga halisogei. Pigo lote inabidi limezwe na shokapu. Lisipomezwa huishia kwenye viganja na kiunoni, na baada ya saa moja mikono imekufa ganzi, breki inashikwa kwa kubahatisha.

Wengi pikipiki ikiwapiga hukimbilia kulegeza springi. Hapo ndipo tabu inapoongezeka. Springi ikilegezwa mno, pikipiki inazama, shokapu inabaki ikifanya kazi kwenye sehemu ya chini ya safari yake, yaani umbali inaoweza kubonyea, ambako ni ngumu zaidi na nafasi ya kubonyea imekwisha. Mwendeshaji anahisi ugumu, analegeza tena, inazama tena. Pikipiki inayostarehesha kwenye mawe ni ile iliyokaa kwenye kimo chake sahihi kwanza, ndipo skrubu zinaguswa. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: upepo, kinachokwama, mzamo (kiasi ambacho pikipiki inashuka kwa uzito), kisha kliki (hatua ndogo za kuzungusha skrubu za shokapu). Ukiruka hatua, kliki zitakudanganya.

Upepo

Tairi za meno zenye tyubu nzito zijazwe psi 13 hadi 15 mbele na nyuma. Mwenye uzito wa zaidi ya kilo 90, au anayebeba mzigo, aongeze 2. Ukishuka chini ya 12, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu. Ukiivua ukakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, usiulaumu mwiba wa mgunga. Upepo ndio ulikuwa mdogo. Pikipiki nyepesi za cc 125 hadi 150 zenye tairi za kawaida zisiende chini ya 18. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe, maana geji za kompresa za barabarani hazisomi sawa.

Kinachokwama

Shokapu inayokwaruza ndani haiwezi kulainishwa kwa skrubu. Anza na ekseli ya mbele. Legeza boliti zinazoibana upande mmoja, simamisha pikipiki chini, shika breki ya mbele na ubonyeze usukani kwa nguvu mara tano au sita ili miguu ya shokapu ijipange yenyewe, ndipo ukaze tena. Boliti za klampu ya chini ya usukani nazo huumiza: nyingi zinatakiwa kukazwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 15 hadi 20 tu, na fundi akizikaza kwa spana iliyoongezewa bomba zinaibana shokapu isishuke. Namba kamili ya pikipiki yako imo kwenye kitabu chake. Tumia spana ya kupima nguvu, hata ya kuazima.

Vumbi la huku linataka usafi wa aina yake. Shusha kifuniko cha vumbi cha shokapu ya mbele kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Chini yake utakuta pete ya tope jekundu lililoganda kulizunguka bomba, mchanganyiko wa oili na udongo. Kata kipande cha plastiki laini kwenye chupa ya soda, upana wa kidole, kingo zisiwe na makwaruzo. Kipenyeze chini ya mdomo wa sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje, na ukizungushe bomba zima, ukitoe, ukifute, urudie mpaka kitoke kisafi. Kisha bonyeza shokapu mara kumi na ufute oili itakayotoka. Sili nyingi zinazohukumiwa kuwa zimekufa zilikuwa na punje ya mchanga tu. Ikiendelea kuvuja baada ya hapo, hiyo imekatika, ibadilishe.

Nyuma kagua linki, yaani vile vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa gurudumu. Inua pikipiki, toa boliti ya chini ya shokapu, kisha uinue gurudumu kwa mkono. Likipanda kwa kusitasita au kwa mlio, beringi zimekauka. Zifungue, zisafishe, zitie grisi isiyooshwa na maji. Linki kavu huhisiwa na mwendeshaji kama shokapu iliyokazwa kupita kiasi, na hakuna skrubu inayoiponya.

Bado kuna hewa. Dodoma mjini iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Pikipiki iliyofungwa shokapu zake Dar es Salaam ikaletwa huku kwenye gari inakuja na hewa ya pwani ndani, na kwa tofauti ya mwinuko pekee hewa hiyo inasukuma kwa karibu psi 2 zaidi ya hewa ya nje. Joto la mchana linaongeza juu yake. Kama kofia za shokapu zina skrubu ndogo ya kutolea hewa, inua gurudumu la mbele likiwa hewani, shokapu zikiwa baridi, uzifungue. Utasikia mlio mfupi. Zifunge bila kuzikaza sana. Fanya hivyo kila asubuhi ya safari. Shokapu za mbele zinazotumia hewa badala ya springi usiziguse kwa njia hii. Hizo zina pampu yake na kipimo chake.

Mzamo

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko popote, na panahitaji futi na mtu mmoja wa kukusaidia. Vaa kila kitu unachovaa njiani: buti, helmeti, mkoba, maji. Lita 5 za maji ni kilo 5, na zinaonekana kwenye kipimo.

Weka alama kwa kalamu kwenye madigadi ya nyuma, juu kabisa ya ekseli. Pima kutoka ekseli hadi alama mara tatu: gurudumu likiwa linaning'inia, pikipiki ikiwa chini, wima, bila mtu, na wewe ukiwa juu, umesimama kwenye vikanyagio, umejishikiza ukutani kwa vidole tu. Kabla ya kusoma vipimo viwili vya mwisho, bonyeza pikipiki mara mbili tatu iache kukwama. Tuseme umepata milimita 600, 565 na 497. Mzamo wa pikipiki yenyewe ni 35, wa pikipiki pamoja na wewe ni 103.

Kwa pikipiki kubwa ya porini, ambayo gurudumu la nyuma lina safari ya karibu milimita 300, mzamo na mtu juu uwe 100 hadi 105. Kwa pikipiki yenye safari fupi tumia theluthi: safari ya 150, mzamo wa 50. Mbele, robo ya safari inatosha.

Kurekebisha, safisha kwanza nyuzi za shokapu kwa brashi na mafuta mepesi. Legeza pete ya juu na uzungushe ile ya chini yake, inayobana springi, kwa spana ya ndoano. Usitumie patasi na nyundo. Pete nyingi ni za alumini au plastiki, na zikishaharibika nyuzi huna tena marekebisho. Mzunguko mmoja kwa kawaida hubadilisha mzamo wa gurudumuni milimita 3 hadi 4.

Mzamo wako ukishakuwa sahihi, rudi upime pikipiki bila mtu. Ikizama chini ya milimita 25, springi ni laini mno kwako. Wengi husoma kinyume, wakidhani kuzama kidogo ni dalili ya springi ngumu. Ukweli ni kwamba umelazimika kuibana sana ndipo ikubebe, ndiyo maana haizami ikiwa peke yake. Ikizama zaidi ya 45, springi ni ngumu kuliko uzito wako. Pikipiki nyingi za porini hutoka kiwandani na springi ya mtu wa kama kilo 75. Mtu wa kilo 95 hatapata raha kwa kukaza pete, anunue springi.

Kliki

Kompresheni ni ugumu wa shokapu inapobonyea. Ribaundi ni kasi yake ya kurudi juu. Skrubu zimeandikwa COMP, na REB au TEN. Mbele huwa juu au chini ya mguu kutegemea aina. Nyuma, kompresheni iko juu kwenye kopo la gesi na ribaundi chini kabisa karibu na linki.

Funga kila skrubu kuelekea mkono wa saa mpaka ifike mwisho, polepole, bila nguvu, ukihesabu. Andika namba hiyo. Kisha ifungue hadi kipimo cha kitabu, ukihesabu kutoka mwisho. Huo ndio mwanzo wako. Kwa mawe, fungua kompresheni kliki 3 mbele na 3 nyuma, ribaundi kliki 1 au 2. Ukiona nati kubwa inayoizunguka skrubu ya kompresheni ya nyuma, hiyo ni ya mapigo ya ghafla, na mawe ndiyo kazi yake. Ifungue robo mzunguko, ujaribu, kisha robo nyingine.

Chagua kipande kimoja cha njia, kilomita 2 au 3, chenye mawe yaliyofuatana na korongo moja. Badilisha kitu kimoja tu, kliki 2, kisha pita tena kwa mwendo uleule. Funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye bomba la mbele. Itakuonyesha shokapu ilishuka hadi wapi. Safari nzima itumike mara moja moja tu, penye pigo kubwa kuliko yote. Kama kila raundi kunabaki milimita 60 zisizoguswa, endelea kulainisha.

Sikiliza pigo la ngapi ndilo linaloumiza. Jiwe la kwanza likikupiga, kompresheni ni ngumu. Jiwe la kwanza likipita vizuri, la pili pia, halafu la tano likawa kama kugonga ukuta, ribaundi ni ya polepole: shokapu haiwahi kurudi kabla ya jiwe linalofuata, inajikusanya chini. Fungua ribaundi. Nyuma ikikurusha juu au kando baada ya jiwe, ribaundi ni ya kasi, ifunge kliki moja moja. Usukani ukiyumba kwenye mchanga wa korongo, usikimbilie kliki. Angalia kwanza kama nyuma imekaa juu mno.

Shokapu zisizo na skrubu

Pikipiki nyingi za kazi ziko hivi, na bado zinarekebishika. Mbele, badilisha oili. Kosa linaloonekana sana ni kujaza oili ya injini ya 20W-50: ni nzito mno, shokapu inakuwa mti. Tumia oili ya shokapu ya 10W, au 5W kwa mtu mwepesi. Toa springi, bonyeza mguu mpaka mwisho, upampu hewa itoke, kisha pima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Fuata kitabu; kwa mawe unaweza kushusha uso huo milimita 10, shokapu italainika kwenye sehemu ya mwisho ya safari. Miguu yote miwili iwe sawa kabisa. Shokapu mbili za nyuma zenye ngazi za kubana springi ziweke ngazi moja pande zote.

Shokapu ya nyuma yenye gesi usiifungue gereji ya kawaida. Ina naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, na inahitaji fundi mwenye vifaa vyake.

Baada ya kubadilisha mzamo, pima upya ulegevu wa mnyororo. Kaa juu ya pikipiki au ikandamize mpaka ekseli ya nyuma, kiungo cha mkono wake na sproketi ya mbele viwe kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo mnyororo unakaza zaidi, na lazima ubaki na ulegevu kidogo.