Unataka kwenda nje kuwa daktari wa familia? Anza na jina lako

Kila mwezi napata meseji mbili tatu za madaktari wadogo wa Unguja na Pemba, swali lile lile, dakta nataka kwenda nje nianzie wapi, na ukiwauliza nje wapi wanakwambia popote. Sasa popote hakuna leseni yake. Mie ni mtu wa Chake, Pemba, intanshipu (ule mwaka wa kazi chini ya usimamizi baada ya digrii) nimefanya Unguja, nikaenda Oman miaka mitatu kwenye kituo cha afya, saivi niko Uingereza mwaka wa pili wa mafunzo ya GP, ndo daktari wa familia wa kule, kwa hivo nitakayosema ni ya nchi hizo mbili tu, Canada na Australia waulizeni walioko huko.

Kwanza tuelewane hilo neno lenyewe. Kwetu mtu akimaliza MD na intanshipu akapangiwa Micheweni au Makunduchi anaona kila anayeingia, mtoto wa homa, mja mzito, mzee wa presha, kijana aliyeanguka mkarafuu, basi anajiona daktari wa familia tayari, na kwa kazi kweli ndo hiyo hiyo. Lakini Uingereza GP ni fani yake, miaka mitatu ya mafunzo juu ya udaktari wako, na GMC, baraza la madaktari la huko, wana rejista ya peke yake ya ma-GP, kama jina lako halimo hukai kwenye kile chumba ukajiita GP hata kama Micheweni umefanya miaka kumi. Oman wao wanaajiri daktari wa jumla kama alivyo, bingwa wa tiba ya familia ana ngazi yake na mshahara wake. Kwa hivo kabla hujauliza nchi gani jiulize unakwenda kufanya kazi au unakwenda kusomea fani. Mwenye mzee anaumwa na wadogo zake wako skuli mie namwambia Oman kwanza, asione aibu, Uingereza inataka pesa na subira na haikuhakikishii kitu.

Haya, jina. Hapa nitakaa kidogo mana ndo palipoliwa miezi minne ya maisha yangu. Nilipoanza kukusanya makaratasi mama akanambia yatandaze nione hizo karatasi zako zinazokutoa usingizi, nikazitandaza juu ya mkeka, cheti cha kuzaliwa, vya skuli, digrii, leseni, pasipoti. Mama Kiingereza hajui lakini herufi anazijua na chuo cha Kurani alisoma vizuri, akaangalia akaangalia, akaweka kidole, "Hii ina kha, hii ina ha. Hawa watu wawili." Cheti cha kuzaliwa Hamis, cha skuli na digrii Khamis, pasipoti Hamisi na i mwishoni, na jina la babu kwenye cheti cha kuzaliwa halimo kabisa. Nikacheka nikamwambia mama hao wazungu hawajui kha wala ha. Wiki sita baadae uhakiki wa vyeti ukarudi, majina hayalingani. Sikucheka tena. Barua ya sheha, kiapo kwa wakili, cheti cha kuzaliwa kusahihishwa, pasipoti upya, na kila hatua inasubiri ile ya nyuma yake. So leo usiku tandaza vyeti vyako usome herufi moja moja, Salum na Salim, Juma na Jumaa, Mohammed ndo usiseme, wapo watu wana Mohammed za aina nne kwenye faili moja. Chagua mwandiko mmoja, bora ule wa digrii mana kubadilisha digrii ni kazi kubwa, halafu pasipoti ifuate hiyo.

Baada ya jina ni uhakiki, na watu wengi hawaelewi unavyofanya kazi. Wewe unapakia vyeti kwenye mfumo, ikiwa Oman ni DataFlow, ikiwa GMC ni EPIC ya ECFMG, shirika la Marekani la kuhakiki vyeti vya madaktari, halafu wao ndo wanakiuliza chuo chako moja kwa moja, huyu kweli mmemsomesha? Chuo kisipojibu faili linalala. Usikae nyumbani unarifreshi imeili, panda boti nenda kwa msajili mwenyewe, muulize imeili gani wanaitumia kweli sio ile ya kwenye tovuti, mwambie ujumbe utatoka kwa nani, na ukishajua umetumwa rudi tena. Mie nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi siku mbili na chai ya maziwa mkononi, siku ya pili mama mmoja akanionea huruma akafungua imeili yao, ujumbe umo kwenye spamu. Kabla ya hayo yote hakikisha chuo chako kimo kwenye World Directory of Medical Schools, orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, kama hakimo GMC hawakuangalii.

Kuna jengine linawachanganya sana wa nje. Afya sio jambo la Muungano, kwa hivo pasipoti yako inasema Tanzania lakini leseni yako imetoka baraza la madaktari la Zanzibar, na kama umewahi kufanya kazi bara umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika pia. GMC wanataka cheti cha mwenendo mwema kutoka kila baraza ulilofanya kazi chini yake miaka mitano iliyopita, na kinadumu miezi mitatu tu. Usikiombe mapema kwa pupa, kiombe mwisho mwisho. Na andika maelezo mafupi kwamba mabaraza ni mawili nchi moja, uyaweke tayari, utayatumia zaidi ya mara moja wallahi.

Oman sasa. Vyeti vinagongwa mihuri kwa mpango, Wizara ya Mambo ya Nje halafu ubalozi wao, ukiruka mmoja unarudishwa mwanzo. Mtihani ni wa kuchagua jibu kwenye kompyuta, kwenye vituo vya Prometric, sio mgumu sana kwa mtu aliyetoka intanshipu juzi ila ukikaa miaka mitano bila kufungua kitabu utakutesa. Mkataba usome kabla hujasaini, nyumba ipo au unapewa posho, tiketi ya likizo ni kila mwaka au kila miaka miwili, ukitaka kuacha unatoa taarifa miezi mingapi. Riali moja ni dola 2.6, na kodi ya mapato hawana, ile waliyotangaza 2025 itaanza 2028 na ni kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, sio sie. Ubaya wake ni kwamba nafasi zao wanazijaza wenyeji kidogo kidogo, na ni haki yao, kwa hivo usijenge mipango ya miaka ishirini.

Na Kiarabu! Tusidanganyane, Kiarabu cha chuo cha Kurani kinakusaidia kusoma jina la mgonjwa kwenye faili, bibi wa Kiomani akikwambia tumbo linamfanyaje hutoki. Wiki yangu ya kwanza alikuja mzee kavaa kanzu na kilemba, nakokota maneno, akaniangalia muda akasema kwa Kiunguja safi, "We mwana wa nani? Sema Kiswahili tu." Kazaliwa Ng'ambo, hapo hapo mjini Unguja. Wapo wengi, lakini usiende ukiwategemea wao, jifunze maneno mia ya mwili na maumivu kabla ya kupanda ndege.

Uingereza ni ngazi ndefu. Kiingereza kwanza, IELTS ya akademiki 7.5 kwa jumla na isipungue 7 kila sehemu kwa mkao mmoja, au OET daraja B kila sehemu, mie nakushauri OET mana ni ya hospitali, barua ya rufaa unaijua kuliko insha ya mambo ya utandawazi. Halafu PLAB, mtihani wa GMC kwa madaktari waliosomea nje, nao una sehemu mbili. PLAB 1 ni maswali 180 kwa muda wa saa tatu, ada pauni mia mbili na kitu, unaweza kufanyia Nairobi. PLAB 2 ni Manchester tu, unapita vituo 16 vya dakika nane nane, kila kimoja na kisa chake cha mgonjwa wa kuigiza, ada karibu pauni 1,000 bila viza wala tiketi wala pa kulala. Intanshipu yako iwe ya miezi 12 yenye angalau miezi mitatu ya medisini (magonjwa ya ndani) na mitatu ya upasuaji, uombe barua yenye tarehe za kila wodi kabla hujaondoka, sio baadae.

Ukishasajiliwa bado hujawa GP. Unaomba mafunzo, mtihani ni MSRA na alama yake ndo kila kitu, intavyuu hakuna, na unatakiwa na fomu ya CREST, ya kuthibitisha ujuzi wako wa kazi, iliyosainiwa na bingwa aliyekusimamia miezi mitatu mfululizo, kwa hivo bingwa wako wa nyumbani mueleze mapema akujue. Sasa usinukuu stori za 2019. Waombaji wamekuwa wengi mno, na mpango wa afya wa miaka 10 wa serikali yao uliotoka 2025 umesema wahitimu wa kwao watangulizwe. Wapo waliofaulu PLAB zote na hawana kazi. Usiache kazi yako wala usiuze kiwanja cha urithi kwa sababu umefaulu PLAB 1. Na hata ukimaliza, mafunzo ni miaka mitatu wakati ukaazi wa kudumu unataka miaka zaidi ya hiyo, na kliniki ndogo nyingi za GP hazina leseni ya kudhamini viza, kwa hivo mwaka wa mwisho wa mafunzo anza kutafuta zilizonayo.

Akija mtu akakwambia ana kazi ya Uingereza mkononi lipa milioni mbili za fomu, jua hivi, Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza wamekataza mawakala kwenda kuvuna watu huko. Kuomba mwenyewe moja kwa moja ruhusa. Wakala anayekufuata wewe Wete, mwambie ahsante.

Kitu ambacho hakuna kitabu kilichonifunza ni jinsi ya kumuuliza mgonjwa. PLAB 2 na ule mtihani wa mwisho wa GP, wagonjwa 12 dakika 12 kila mmoja, wanataka umuulize yeye anafikiri ana nini, anaogopa nini, anataka umfanyie nini. Nilijaribu Chake nikiwa likizo nasaidia zamu, baba mmoja mvuvi anaumwa kifua, nikamwambia baba wewe mwenyewe unahisi ni kitu gani. Akamgeukia mkewe, "Huyu ndo daktari au mie?" Nikabadilisha, nikasema nyumbani wanasemaje kuhusu hichi kifua, ikafunguka yote, kaka yake kafa na kifua mwaka juzi na yeye halali. Swali lile lile, mlango mwengine. Zoea hapo hapo ulipo, kila zamu wagonjwa watatu, usisubiri kozi ya pauni mia tano.

Kazini usitoroke. Andika barua, omba likizo bila malipo au ruhusa rasmi, mana huyo huyo bosi unayemkimbia ndo watakayemwandikia kuulizia mwenendo wako. Viza ya muda mrefu ya Uingereza inataka kipimo cha TB kwenye kliniki waliyoiidhinisha, ukipata viza ya wahudumu wa afya ile ada ya huduma za afya ya wahamiaji hulipi. Skani kila karatasi ziwe tatu, moja kwenye imeili, moja kwenye flashi, moja kwa mtu wa nyumbani anayejibu simu. Orijino zote ziwe mkoba wa mkononi, halua ya Wete ndo iende begi kubwa.