Jinsi ya kuonyesha kwa nini chumvi huyeyuka majini

Tafuta chumvi ya mawe, ile inayotoka Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi karibu na Malindi, si ya paketi. Mimi nafundisha kemia hapa Malindi na huinunua sokoni. Twaa bilauri mbili kavu: moja tia maji, nyingine mafuta ya kupikia. Weka kijiko kimoja cha chumvi kila moja, ukoroge. Majini itayeyuka. Kwenye mafuta itakaa chini hata ukikoroga mpaka adhana ya magharibi.

Sasa chora ubaoni. Molekuli ya maji imepinda, pembe yake kama digrii 104.5, upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, wa hidrojeni chanya kidogo. Chumvi imeundwa na ayoni, yaani chembe zenye chaji: za sodiamu na za kloridi. Ayoni ya sodiamu ni chanya, basi izungushie maji, oksijeni zikiielekea. Ya kloridi ni hasi: geuza maji, hidrojeni zielekee ndani. Wanafunzi huchora zote zikitazama upande mmoja. Wafutishe. Mafuta karibu hayana ncha hizo za chaji hasi na chanya, hivyo hayawezi kuzing'oa ayoni.

Usizidishe chumvi, gramu 100 za maji hubeba takriban 36 tu.

Kisha jambo nilipendalo zaidi: iache chumvi ya mawe kwenye sahani wazi wakati wa masika. Italowa chepechepe, kwa kuwa mara nyingi ina mabaki ya magnesiamu kutoka baharini. Ayoni hiyo ni ndogo kuliko ya sodiamu na chaji yake ni mara mbili, kwa hiyo huyavuta maji kwa nguvu zaidi, hata unyevu wa hewani. Weka kando yake chumvi ya paketi, walinganishe asubuhi.