SOMO: Paleti iliyoegama usiisukume, ipunguze

Wakuu, hili ni la wenzetu wa magodauni ya Dar es Salaam, iwe Vingunguti, Chang'ombe au Kurasini. Paleti (jukwaa la mbao la kupangia mzigo) ikiegama na mzigo wake, wengi huisukuma kwa meno ya foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, irudi wima. Hapo ndipo inapomwagika: kilicholegea kiko chini, wewe unasukuma juu.

1. Ondoa watu. Mzigo wenye kimo cha mita 3, mtu akae zaidi ya mita 3, pande zote. Njia ya nyuma ya safu pia ifungwe. Makuli hupenda kupumzika huko.

2. Mulika chini kwa tochi, ukiwa mbali. Mara nyingi utakuta ubao wa paleti umevunjika, mfuko umepasuka, au katoni za chini zimetoa tumbo. Katoni ni karatasi, na karatasi hunyonya unyevu. Iliyobeba vizuri Februari inaweza kulala masika yakikolea.

3. Nailoni iliyozungushiwa mzigo usiichane yote, huenda ndiyo pekee inayoshikilia. Simama upande ambao mzigo hauegamii, juu ya jukwaa lenye uzio, si juu ya meno ya foklifti wala paleti ya jirani. Kata nailoni ya tabaka la juu tu, lishushe, kisha linalofuata.

4. Panga upya kwenye paleti nzima. Kwa mifuko ya simenti ya kilo 50, yenye karibu sm 60 kwa 40, paleti ya mita 1.2 kwa 1 hubeba mitano kila tabaka: mitatu sambamba, miwili ikikatiza. Tabaka la juu yake geuza, miwili ikae palipokuwa na mitatu. Tabaka nane ni mifuko 40, tani 2.

Katoni ni kinyume. Nguvu yake iko kwenye pembe, kwa hiyo pembe ikae juu ya pembe, ukatize tabaka la juu kabisa tu. Isitokeze nje ya ubao hata kidogo.

5. Nailoni ianzie kwenye mbao za paleti: mizunguko mitatu hapo, kisha panda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukifunga mzigo ukaacha paleti, siku ya breki ya ghafla mzigo utateleza mzima mzima kama sabuni.

6. Kubeba: meno yaingie hadi mwisho, sm 15 kutoka sakafuni, mlingoti (nguzo inayopandisha meno) uinamishwe nyuma kidogo. Huoni mbele? Endesha kinyumenyume. Kwenye mteremko, mzigo utazame juu, ukipanda na ukishuka.

MASWALI

– Mkuu, foklifti yetu ni ya tani 2.5. Paleti ya tani 2 si salama tu?
Si lazima. Soma kibao chake cha uwezo. Hizo tani 2.5 kwa kawaida hupimwa kitovu cha mzigo (katikati ya uzito wake) kikiwa sm 50 kutoka shina la meno. Ukiingiza meno kwa urefu wa mita 1.2, kitovu ni sm 60; mzigo ukiegama mbele kinasogea zaidi. Ukipandisha mlingoti juu sana, uwezo nao hushuka.

– Bosi anataka paleti za katoni zipandane tatu.
Tafuta alama ya idadi ya kupandana kwenye katoni, uhesabu kuanzia katoni ya chini kabisa, si paleti. Pasipo alama, usipandishe.

– Nailoni ikiisha, kamba ya katani inafaa?
Kwa magunia, sawa. Kwa katoni hukata pembe, weka kwanza vipande vya kadibodi vilivyokunjwa. Na ipitishe chini ya mbao, isiishie kiunoni mwa mzigo.