Kitu kinaboa, kwa Kiingereza unasemaje? Namna ya kuacha kuandika boring kila mahali

Ukisoma maoni ya wateja kuhusu hoteli na migahawa, au essay za wanafunzi wa fomu foo, utakuta neno moja limebebeshwa kila kitu: boring. Chakula boring, mwalimu boring, muvi boring, rangi ya ukuta boring, mpaka mji mzima boring. Kigrama hakuna kosa hapo, ila boring inanieleza wewe ulijisikiaje tu, hainiambii hicho kitu kimepungukiwa nini, na msomaji anachotafuta ni hicho hasa.

Kwa hiyo kabla hujaandika jiulize kwanza, hapa kimekosekana nini? Ladha, rangi, mabadiliko, uhai, au kitu cha kukitofautisha na wenzake? Hii kazi tunaifanya kila siku kwa Kiswahili bila hata kufikiria, mchuzi tunasema chapwa, nguo imepauka, mechi imepooza, biashara imedorora, msanii amechuja, na humsikii mtu anasema mchuzi umedorora. Umakini huohuo ndo uende nao kwenye Kiingereza.

Tuanze na ladha. Bland ni chakula kisichokolea, chumvi haipo, pilipili haipo, na sio lazima iwe lawama, mwenye vidonda vya tumbo anaweza kuambiwa ale bland diet na hapo ni ushauri wa afya. Insipid nayo asili yake ni Kilatini, kitu kisicho na ladha, ila leo utaiona zaidi kwenye muziki, maandishi na maongezi, na ni kali, ukimwambia mtu ni insipid umemtukana. Vapid ni ya maneno matupu, a vapid interview, mtu kaongea saa nzima na hujaondoka na kitu. Soda iliyotoka gesi inaitwa flat, mkate wa juzi ni stale, na zote mbili zinahamia kwenye mambo mengine: a flat performance, a stale joke. Ila tasteless iogope kidogo! Kwa chakula haina shida, lakini a tasteless joke sio utani uliopoa, ni utani wa kukosa adabu, kama mtu kuleta mzaha wa marehemu msibani.

Rangi. Drab ni ile iliyopauka, kijivu au kahawia iliyofifia, na inakaa vizuri na nguo, majengo, ofisi. Dreary inaenda mbali zaidi, ni kile kinachokutia unyonge kabisa, mvua ya rasharasha kutwa nzima, chumba chenye giza kisicho na dirisha. Yaani drab unaiona kwa macho, dreary unaibeba moyoni. Halafu kuna grey na beige ambazo wanazitumia hadi kwa watu. John Major, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1990 hadi 1997, wachekeshaji walimsema sana kuwa ni grey, na hawakuwa wanaongelea nywele, walimaanisha hana mvuto. Vanilla nayo ipo kundi hili, na kwa mtu wa huku kwetu inashangaza maana vanila inalimwa Uganda na Madagaska na ni kati ya viungo ghali kabisa duniani, zafarani ndo inaipita. Lakini kwa Wamarekani vanilla ni ladha ya ice cream ya kila siku, ile unayopewa kama hujachagua, kwa hiyo a vanilla design ni ya kawaida isiyo na nakshi yoyote. Kwa watu wa kompyuta sio tusi hata kidogo, kwao vanilla ni programu ambayo haijachezewa, iko kama ilivyotoka.

Kitu kikiwa kinajirudia tumia monotonous, hasa kwa sauti, mandhari na chakula: mhubiri anayesoma kwa sauti ileile mwanzo mwisho, barabara ya kilometa na kilometa vichaka tu, ugali na maharage mwezi mzima. Tedious ni ya kazi au mchakato mrefu wenye vihatua vidogovidogo, kujaza fomu, kuchambua mawe kwenye mchele. Kwa hiyo a tedious process, sawa, lakini a tedious colour hakuna anayesema.

Dull ndo inayoikaribia boring kuliko zote ila ina kazi nyingi, kisu butu ni dull, maumivu ya chinichini ni dull pain, mawingu mazito ni dull sky, na mwanafunzi ukimwita dull unasema ana akili nzito, kwa hiyo chunga sana kwenye ripoti ya shule. Kuna mji Oregon, Marekani, unaitwa Boring kwa sababu ya mkazi wa zamani aliyeitwa William Boring, na mwaka 2012 ukafanya urafiki rasmi na kijiji cha Scotland kinachoitwa Dull, baadaye wakaungana na Bland ya Australia. Ukitaka kuyakumbuka haya maneno matatu, ramani inakusaidia.

Sasa tuje kwenye kukosa utu wake mwenyewe, na hapa ndo wengi tunakwama kabisa. Umeenda kwenye hoteli mpya, safi, kitanda kizuri, AC inafanya kazi, lakini ungeweza kuwa Nairobi au Dubai au popote na usijue. Hiyo sio boring, hiyo ni generic, au ukitaka kuuma zaidi, soulless, haina roho. Nondescript ni ile ambayo umepita mbele yake mara nyingi na bado ukiambiwa uielezee huna cha kusema, a nondescript building, a nondescript man in a white shirt. Faceless ni ya taasisi, unapiga simu wanakuhamisha huku na kule na hujui unaongea na nani. Wooden ni ya waigizaji, anasema mistari yake yote vizuri ila mwili na sauti vimekakamaa kama ubao. Cookie-cutter ni zile nyumba za estate zote ramani moja, rangi moja, geti moja. Generic ukienda nayo famasi inabadilika tena, generic medicine ni dawa halali isiyo na jina la kampuni iliyoivumbua, wala sio dawa mbovu. Na characterless kwa Muingereza ni kitu kisicho na mvuto wake, lakini kwenye Kiingereza cha India mtu kuitwa characterless ni kuambiwa ana maadili mabaya, kwa hiyo ukiwa na wateja au wafanyakazi wenzako wa huko iachie majengo tu.

Mengine mawili ya kuchunga. Plain kwa wali au shati haina neno, ila plain woman maana yake si mrembo. Homely kwa Muingereza ni nyumba yenye joto la nyumbani, anasifia, kwa Mmarekani homely girl ni msichana asiye na sura nzuri, kwa hiyo guest house yako iandikie cozy uwe salama.

Na tafadhali sana, tofautisha bored na boring. Ukiwa umeboeka wewe ni I am bored. Ukiandika I am boring umesema wewe ndo unaboa wenzako, na nimeiona mpaka kwenye barua za kuomba kazi, mtu anajieleza I am boring with my current job.

Kama unatoa maoni kwa mtu, kwa mfano umeombwa uangalie logo au presentation ya mwenzako, usimrushie bland wala soulless hivihivi. Waingereza wanalainisha, a bit plain, not very exciting, it could use more colour. Halafu ongeza ushahidi, maana kivumishi peke yake kinabishiwa. Badala ya the room was dull andika beige walls, one bulb, nothing on the walls, mwenye hoteli atajua aanzie wapi, hata kama neno lenyewe hujaliandika. Na mwenye logo umwambie ni sehemu gani imepooza, herufi, rangi au mpangilio, ili kesho akirudi kwenye kompyuta ajue cha kurekebisha.