Somo: Umepunguzwa kazi ya teknolojia? Usijiuze kangomba

Wanachama, salaam. Nilipunguzwa Dar, kwenye kampuni ya programu za malipo ambayo sitaitaja. Tulitoka watu kumi na tisa asubuhi moja, kila mtu na barua ya mistari sita. Nikarudi Mtwara kwa mama, Chikongola, nikawa natuma maombi yaleyale kila siku: "mtaalamu wa programu, uzoefu miaka sita, najua hiki na kile." Kimya.

Mliokulia huku mnaijua kangomba. Njaa ikibana kabla ya msimu, mkulima anauza korosho kwa bakuli, hakuna mzani wala daraja, na bei anataja mwenye bakuli. Nami nilikuwa najiuza hivyohivyo. Mtu akisema laki tatu nakubali, maana hata mwenyewe sijui nina kilo ngapi.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya karatasi. Hii ni fupi ila usiiruke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, hadi miaka 10. Dai na cheti cha utumishi. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kupeleka shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakilia.

Hatua ya 2: Acha kuisoma barua. Meta, wenye Facebook, walitangaza kuondoa watu 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 Januari 2023. Hesabu za namna hiyo zinapigwa na watu ambao hawajawahi kuiona kazi ya mikono yako. Barua haikupimi.

Hatua ya 3: Andika nani alikuwa anakuja mezani kwako. Hapa kaeni, msikimbie. Chukua daftari, achana na simu. Usiandike cheo wala programu unazozijua, hizo wanazijua maelfu. Andika: nani alikuja, amekwama wapi, akaondoka na nini. Yangu yalijaa kurasa nne, na nilipoyasoma nikashangaa. Niliajiriwa kuandika programu, lakini watu wa uhasibu walikuwa wananifuata kila mwisho wa mwezi kwa jambo moja: hela imetoka huku, kule haijafika, iko wapi? Sikuwahi kuliandika kwenye maombi hata mara moja. Niliona ni usumbufu tu.

Kisha wapigie watu watatu uliofanya nao kazi, uulize: "Ulikuwa unaniita lini?" Usiulize "mimi ni mzuri kwenye nini", watakusifia tu.

Hatua ya 4: Ipime kwa mtu mwenye shida leo. Baba yangu mdogo alikuwa hajaingiziwa malipo ya korosho, wenzake wameshalipwa. Nikaongozana naye ofisi ya chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima unaouza korosho zao. Katibu ana madaftari mawili makubwa na kompyuta mpakato ambayo herufi E imeng'oka, anabonyeza kipira kilichobaki. Nikaomba orodha yake na ile iliyorudishwa na benki, nikazipanga zote mbili kwa namba ya akaunti badala ya jina. Baba mdogo kwenye daftari ni Saidi, benki ni Said. Herufi moja! Jirani yake tarakimu mbili zimepishana. Baada ya dakika arobaini hivi tulikuwa tumewapata kumi na mmoja.

Katibu akavua miwani. "Kumbe mwanangu kazi yako ndiyo hii?" Hakuuliza nimeandika kwa lugha gani ya kompyuta.

Hatua ya 5: Iandike kwa sentensi moja ambayo mama yako ataielewa. Yangu: natafuta hela iliyopotea kati ya orodha mbili. Chini yake weka ushahidi kama stakabadhi ya ghala, ile karatasi ya kuonyesha mzigo uliopokelewa ghalani: kazi ipi, ulikuta nini, uliacha nini.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada wa Nachingwea: Mimi nilikuwa huduma kwa wateja, sijui kuandika programu. Somo linanihusu?*
Linakuhusu kuliko mimi, dada. Umesikiliza malalamiko miaka mingapi? Andika kumi yaliyojirudia na ulivyoyamaliza. Mwenye biashara anayepoteza wateja hajui hata wanalalamikia nini.

*Mwanachama wa Masasi: Hiyo ya kulinganisha orodha si akili mnemba inafanya?*
Inafanya, na mimi naitumia kupanga. Haijui kwamba yule bibi laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mjukuu, na mjukuu amehamia Tunduru. Hilo niliambiwa na mtu aliyekaa kwenye benchi nje ya ofisi.

*Kaka wa Lindi mjini: Nyumbani wananiona nimefeli. Mjomba kila jioni anauliza narudi lini Dar.*
Pole sana, hilo sina dawa yake. Mimi nilimwomba mama anipe miezi mitatu, nikawa natoka nyumbani saa mbili asubuhi kama mwenye kazi, hata siku ambazo naishia kibarazani kwa rafiki. Maswali yalipungua.

*Mwanachama wa Newala: Ulilipwa shilingi ngapi?*
Ya kwanza bure, nililetewa korosho zilizobanguliwa, kama kilo mbili. Chama cha pili nikataja bei kwa kila jina litakalopatikana, sauti inatetemeka. Katibu akaguna, akatoka nje kupiga simu, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akauliza kama Jumatatu naweza kuanza.